Mwaka Niliofundisha Yupo, Yuko na Yumo

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, hospitali ya Mulago, kikaratasi cha namba nimekikunja mpaka kimelegea. Nilimuuliza kijana wa mapokezi kama daktari ameshafika, akanijibu bila kuinua uso, "Daktari iko." Wapi? "Iko ndani." Nina miaka sitini na saba, jicho moja limeshaniaga, na bado sijaweza kulipita neno hilo nikaliacha lilipo. Nikamwambia, mwanangu, daktari si meza, sema yumo. Watu wa benchi wakacheka, wengine wakaguna kwa sababu nilikuwa namchelewesha kijana. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekaa nafasi mbili kutoka kwangu na mfuko wa matunda magotini, hakucheka. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo asioujua, "Ticha Salma?"

Nitamwita Achiro. Silo jina lake, mtaa waliokaa sitautaja, na mambo mengine mawili matatu nimeyapindua ili hata akisoma asijione. Mbele mtaelewa kwa nini. Nilimfundisha mwaka mmoja tu, yeye akiwa na miaka mitano na mimi kumi na tisa. Pale hospitalini hatukuzungumza sana, maana alikuwa na mgonjwa wodini na saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imefika. Alichukua namba yangu ya simu, akauliza ninapokaa, akasema atakuja Jumamosi, kuna kitu ametaka kuniuliza tangu zamani. Hiyo ilikuwa Jumanne. Tangu hapo sikutulia. Nilipangua kabati la vyombo nikalipanga upya, nikafua mapazia yaliyokuwa safi, nikaweka maharage jikoni nikayasahau mpaka jirani akaja kuniambia moshi umemfikia. Kwa miaka zaidi ya arobaini nilitaka kujua jambo moja, kama baba yake alipona. Sasa jibu lilikuwa linakuja lenyewe kwa miguu yake, na mimi nikatamani kufunga mlango na kumwagiza jirani aseme nimesafiri.

Ulikuwa mwaka wa sabini na saba, na shule yetu ilikuwa duka. Sisemi kwa utani. Lilikuwa duka la vitambaa karibu na Nakivubo. Mhindi wake alikuwa amefukuzwa nchini miaka mitano kabla, likagawiwa kapteni mmoja wa jeshi, naye kapteni akampa mkewe. Mama Kapteni, maana hakuna aliyemwita kwa jina jingine, aliuza vitambaa vyote alivyovikuta, kisha akagundua kwamba hajui vingine vinatoka wapi. Rafu zikabaki tupu. Ndipo akafungua chekechea. Kwa hiyo watoto wetu walikaa kwenye mikeka mbele ya kaunta ndefu ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya wateja, na rafu zilipanda ukutani mpaka karibu ya dari. Upande wa ndani, nyuma ya pazia, kulikuwa na stoo ambamo Mama Kapteni aliweka meza, birika, na shoga zake. Mvua ikinyesha, kuta zilitoa tena harufu ya nguo mpya. Nimefundisha katika vyumba vingi tangu hapo, na kwa kufundisha maneno ya mahali sijapata kuona chumba kizuri kuliko kile. Kila kitu mle kilikuwa na juu yake na chini yake, ndani yake na nyuma yake.

Mama Kapteni aliniajiri kwa ajili ya ulimi wangu. Serikali ilikuwa imetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na yeye, ambaye alikisema kile cha kambini, alitaka shule yake iwe na Kiswahili cha vitabu. Nami nilikuwa nacho, na ndicho kilikuwa kiburi changu chote. Wasichana wenzangu walijivunia viatu au wachumba. Mimi nilijivunia ngeli. Waliletwa watoto ishirini na kitu, wa mapolisi, wa wanajeshi, wa wenye vibanda sokoni, kila mmoja na lugha ya mama yake, na kilichowaunganisha kilikuwa neno moja: iko. Kikombe iko. Mama iko. Uji iko? Hata Mungu alikuwa iko. Neno hilo lilinikera kama mchanga kwenye wali. Nikaapa kwamba kabla mwaka haujaisha kila mtoto atakayetoka kwenye mlango ule atajua kupambanua: yupo, yaani yupo pale tunapopajua, yuko, yaani yuko mahali fulani ambapo hatuna hakika napo, na yumo, yaani yumo ndani, kuta zimemzunguka. Shoga zake Mama Kapteni walinitania wakaniita Bibi Yumo. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Nilitengeneza mdoli kwa majani makavu ya mgomba, nikamvika kaptula ya kitambaa cha kaki, nikamwita Baba. Kila asubuhi baada ya wimbo watoto walifumba macho, nikamweka Baba mahali, wakafumbua, nikauliza Baba yuko wapi. Baba yupo mbele ya mlango. Baba yuko nyuma ya rafu. Baba yumo ndani ya kopo. Wale wa Kiganda walinishika upesi, kwa sababu lugha yao nayo ina namna yake ya kusema ndani. Waliotoka kaskazini ndio walionitoa jasho, na zaidi ya wote Achiro. Huyo alikuwa hasemi kabisa. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, gauni la bluu limeshushwa upindo mara mbili, na ukimuuliza kitu alikutazama midomo. Siku aliyojibu kwa mara ya kwanza, Baba alikuwa juu ya kaunta, naye akasema, "Baba iko kichwa ya meza." Wenzake wakaangua kicheko. Baba alipokuwa ndani ya sanduku, akasema iko tumbo ya sanduku. Nilikuja kujua baadaye kwamba katika lugha ya kwao juu ya kitu ni kichwa chake, ndani ni tumbo lake, na nyuma ni mgongo wake, na kwamba mtu akiwa juu kwenye paa, kwao yuko kichwa cha nyumba. Mtoto alikuwa anatafsiri, tena kwa akili nyingi. Leo ningemkumbatia. Wakati ule nilimsahihisha. Nilimsahihisha kila siku, kwa upole lakini bila kuchoka, mpaka akaacha kunitazama midomo akaanza kuchezesha yake.

Saa nne ilikuwa ya uji. Sukari ilikuwa imeadimika mjini, na ukiipata ni ya magendo, kwa hiyo watoto wetu walikunywa uji wa mtama wenye chumvi, ijapokuwa kila mmoja alijua kwamba chini ya meza ya Mama Kapteni kulikuwa na kopo. Mimi nilikula muhogo wa kuchemsha nilioutoa nyumbani kwenye jani la mgomba, na siku nyingine Mama Kapteni alinipa katogo lililobaki, ndizi na karanga, limeshikamana na sufuria. Nilikula nimesimama kwenye karai la kuoshea vikombe, kando ya pazia, na mazungumzo ya stoo yote yalinipita masikioni. Walizungumza nani kapewa duka la nani, nani kaonekana na sabuni ya kutoka Nairobi. Kadiri mwaka ulivyosogea wakaanza kutaja majina ya watu wa kaskazini, wanajeshi na polisi, wale ambao waume zao walikuwa wakifanya nao kazi. Hawakusema wameuawa. Walisema hayuko. Fulani alifuatwa ofisini na gari, hayuko. Ndugu yake alikwenda kumuulizia, na yeye hayuko. Nilikuwa nasuuza vikombe, nikawaza kwamba angalau neno hilo wamelisema sawasawa. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza katika umri ule, na sioni faida ya kujipamba sasa.

Baba yake Achiro alikuwa sajini wa polisi, na ilijulikana kwamba alitoroka mwanzoni mwa mwaka akavuka kwenda Kenya. Mke wake alihama nyumba ya serikali akapanga chumba kimoja katika mtaa wa nyuma huko. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, aliyenisalimia kwa kuinamisha kichwa kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Alimfulia Mama Kapteni nguo, na kwa ajili hiyo mtoto wake aliachwa aendelee kusoma. Wale wa stoo walimsema. Walisema mwanamke gani aliyekimbiwa na mume anapika sufuria kubwa namna ile. Nilisikia hilo pia, na sikulitilia maanani.

Mwezi wa nane nilikuwa nimemaliza sehemu zote za chumba. Nikatafuta mahali papya, nikatazama juu. Dari ya duka ilikuwa na kifuniko cha mbao, pale mafundi walipopandia kutazama nyaya za umeme. Watoto walipofumba macho nilipanda kaunta, nikakisukuma, nikamtia Baba mle, nikakirudisha. Walimtafuta kila mahali, wakapekua mpaka kikapu changu. Nilipowaonyesha kwa kidole na kuwafundisha neno, darini, Baba yumo darini, walirukaruka kwa furaha mpaka Mama Kapteni akachungulia. Achiro hakuruka. Alisimama akitazama juu, mikono ameishika nyuma, nikadhani ameogopa. Saa ya uji akaja karibu yangu na kikombe chake, akanivuta kitenge, akasema kwa sauti ndogo, sentensi nzima, bila kosa hata moja, "Ticha, baba yangu pia yumo darini." Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia ni ile yumo. Nilifurahi. Nilimshika shavu, nikafungua mdomo nimsifu, ndipo maana ya maneno yenyewe ikanifikia. Pazia la stoo lilikuwa hatua mbili kutoka tuliposimama. Nikamwambia anywe uji wake, utapoa.

Nilikaa na maneno hayo siku kumi. Nilienda shule kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, bila sababu, maana hakuna aliyekuwa ananifuata. Nyumbani nilisogeza chakula huku na huku kwenye sahani mpaka wakaniuliza kama nina homa. Nikimwona mama yake Achiro akija mchana kumchukua, miguu ilitaka kumfuata na ulimi ukakataa. Kumwambia kungekuwa kukiri kwamba najua, na mwaka ule kujua kulitosha kumfanya mtu asiwepo. Nikajipa moyo kwamba watoto husahau. Huyo ni mtoto niliyekuwa nimemfundisha miezi minane asisahau, na nilikuwa nikijisifia hivyo mbele ya kila mtu. Nilichofanya ni kuacha kabisa kumtumia yule mdoli kwenye dari. Nikamrudisha kwenye kaunta na kopo, kana kwamba hilo lingetosha.

Ijumaa moja Mama Kapteni alitangaza kwamba tutapata mgeni. Alikuwa rafiki wa mumewe, wa mambo ya usalama, na alisikia habari za Kiswahili cha watoto wetu. Siku hiyo uji ulitiwa sukari. Mgeni alikuja na miwani nyeusi na viatu vya soli nene, akakalishwa kwenye stuli, akakunja suruali kidogo isichafuke. Hakuwa na ubaya wowote usoni, nalo lilinisumbua zaidi. Nilimweka Baba juu ya kaunta, watoto wakamjibu vizuri, nikauliza habari za kopo, za rafu, za mlango. Mgeni alipendezwa. Akainuka, akaichukua rula mkononi mwangu, akasema sasa atauliza yeye. "Kitabu iko wapi?" Watoto wakamjibu kwamba kimo ndani ya sanduku, akacheka mpaka akapiga paja, akamwambia Mama Kapteni kwamba hawa wamemshinda yeye. Kisha akamwelekezea rula mtoto wa kwanza mbele yake. "Wewe, baba yako iko wapi?" Yule akasema baba yangu yuko kazini. Wa pili akasema baba yangu yuko Luzira, maana alikuwa askari wa gereza. Nikasema labda watoto wanywe uji kwanza. Mama Kapteni akanikazia macho. Rula ikafika kwa Achiro.

Alisimama wima, kama nilivyowafundisha, kidevu juu. "Baba yangu yumo darini," akasema. Sikumbuki kuamua lolote. Nakumbuka nilimpokonya yule mtu rula, jambo ambalo nikiwa na akili zangu nisingelithubutu, nikamchapa Achiro kiganjani. Sikuwa nimewahi kumpiga mtoto, na sijampiga mwingine tangu siku ile. "Kosa," nikamwambia. "Hiyo ilikuwa juzi. Baba yuko wapi leo? Tazama. Baba yupo juu ya kaunta. Sema." Alimtazama mdoli, akatazama dari, akanitazama mimi. Aliulizwa habari za baba yake, akajibu kweli, tena kwa maneno yale yale niliyompa. Nikamchapa mara ya pili. Akasema, Baba yupo juu ya kaunta, na machozi yanashuka. Nikamtaka arudie mara tatu. Mgeni alikuwa ameinua macho kwenye kile kifuniko cha mbao, akauliza mambo ya dari ni nini. Nikacheka, kicheko kikubwa cha kijinga, nikamsimulia habari za mdoli, na wale watoto wengine, Mungu awabariki popote walipo, wakaanza kupiga kelele kwamba ndiyo, ndiyo, Baba alikuwamo darini, walimwona kwa macho. Mgeni naye akacheka. Akasema huyu kichwa yake nzito, akaomba uji mwingine.

Mpaka leo sijui kama aliamini. Aliuliza baba yako, hakuuliza mdoli, na mtu wa kazi ile hasahau alichouliza. Lakini huenda alikuwa mtu tu aliyeshiba uji wa sukari asubuhi ya Ijumaa. Adhuhuri nilimngoja mama yake Achiro barabarani, mbali na mlango wa duka. Nilikuwa na Achiro mkononi, kiganja bado chekundu.

"Mama Achiro," nikasema, "mtoto amesema. Mbele ya mgeni. Amesema yumo darini."

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alishika kile kiganja, akakigeuza, akakitazama. "Nani alifundisha yeye hiyo maneno?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua hasa. Kisha akachuchumaa, akambeba mgongoni mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akitembea mwenyewe kila siku, akamfunga kwa kanga, akaondoka. Hakukimbia. Nilimtazama mpaka akachanganyika na watu.

Jumatatu hakuja, wala Jumanne. Jumatano nilikwenda kwao. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kulikuwa na mkeka umekunjwa, jiko la mkaa, na juu, ubao mmoja wa dari umesogezwa pembeni. Hapakuwa na kilichovunjwa, kwa hiyo nilishindwa kujua kama waliondoka au waliondolewa. Jirani, mama mmoja wa Kiganda, alikuwa barazani akimenya matoke, nikamuuliza Mama Achiro yuko wapi. "Iko tu, nnyabo," akasema. Wapi? "Mimi sijui, rakini iko." Hakuinua macho kwenye kisu chake. Nilisimama pale nikalielewa neno hilo kwa mara ya kwanza, mimi niliyelipiga vita mwaka mzima. Iko haikuonyesha mahali, na ndiyo kazi yake. Ilimwambia aliyeuliza kwamba mtu bado ni mtu, yu hai duniani, na ikamnyima mengine yote. Mji mzima ulikuwa unajifunika kwa neno lile, na mimi nilikuwa nikipita kwa watoto nikiwafunua mmoja mmoja.

Liko wazo lililonisumbua kuliko hilo, na lilinijia nikiwa njiani kurudi, karibu na soko, nikasimama katikati ya watu wakanisukuma. Kama nisingemgusa Achiro, kama ningemwacha na lugha yake aliyokuja nayo, angemjibu mgeni hivi: baba yangu iko kichwa ya nyumba. Na yule mtu angesikia mtoto aliyelelewa vizuri anayesema kwamba baba yake ndiye kichwa cha nyumba. Angempapasa kichwani akapita kwa mwingine. Nilimfundisha akatoka kwenye maneno yaliyomlinda, nikamtia kwenye maneno ya kweli. Muhula uliobaki sikumsahihisha mtu. Mama Kapteni alilalamika kwamba nimelegea. Baadaye mazoea yalirudi, kama mlivyoona pale Mulago, na siwezi kuyatetea.

Jumamosi Achiro alifika saa kumi, na nanasi kwenye mfuko. Nilikuwa nimekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, nikamwandalia chai sebuleni. Aliniambia anakaa Gulu, anafanya kazi ya ushonaji, ana watoto wanne. Nilizunguka zunguka na vyombo, nikaleta vijiko ambavyo vilikuwa vimeshaletwa, mpaka nikajilazimisha kukaa, nikamuuliza habari za baba yake. Alisimulia bila uchungu, akikoroga chai. Alikuwa mdogo mno, anayoyajua ni aliyoambiwa na mama yake alipokua. Baba alikaa amejificha darini nusu mwaka, wala hakuna aliyejua. Halafu mtu mmoja akamtia mama hofu, wakatoka mchana ule ule kuelekea Busia, na kwenye kizuizi cha barabara askari wakamshusha baba kwenye gari. Hawakumwona tena. "Mama hakutaja huyo mtu mpaka anakufa," akasema. "Alisema tu, angenyamaza, baba angebaki mle mpaka serikali ianguke."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumanne. Nilitaka kumwambia kwamba mtu yule ni mimi, na nimwombe radhi kabla jicho la pili halijaniaga nalo. Nikavuta pumzi, ndipo nikaliona swali ambalo lingefuata, maana angeliuliza tu, mtu yeyote angeliuliza: na wewe, Ticha, ulijuaje kwamba yumo? Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeniambia. Nikikiri langu, nitakuwa nimemkabidhi yeye lake. Nikafumba mdomo, na hapo nikajua kwamba nitazikwa nalo.

"Lakini si hilo lililonileta," Achiro akasema. Akacheka kidogo, akijionea haya. "Ni jambo la kitoto. Ulinipiga, Ticha. Nakumbuka kaunta, na yule mdoli, na mgeni wa miwani, na wewe ukisema kosa. Nilichosema mimi sikumbuki hata nikijilazimisha. Mama hakuwahi kunipiga, hakuna mtu aliyewahi kunipiga kabla. Nimefika umri huu na bado najiuliza. Nilikosea nini?"

"Hukukosea," nikamwambia. "Ulisema sawasawa, sentensi nzima. Ni mimi sikukusikia vizuri."

"Kweli?"

"Kweli. Nilikuwa nahangaika kumpendeza mgeni."

Alishusha pumzi, mabega yakamshuka, na uso wa mwanamke yule wa miaka hamsini na zaidi ukafunguka kabisa. "Nilijua," akasema. "Wote walicheka, lakini nilijua nilisema vizuri." Akanisogezea kikombe aongezewe chai. Nilimimina, nikamwaga nusu mezani, nikasingizia jicho.